Kona ya Kompyuta: Unaita methodi hapa, kazi inafanyika kwa mashine ya pale

Mwezi uliopita niligusia hapa kidogo tu habari ya programu zinazogawana kazi kwa netiweki, nikafikiri nimemaliza, kumbe ndio nimewachokoza. Barua nyingi ni za wanafunzi wenye asaimenti ya RMI, ile njia ya Java ya kuita methodi ya objekti iliyo ndani ya programu ingine hata kama hio programu iko kwa kompyuta ingine kabisa. Chache ni za watu wa biashara. Nimezifupisha, na badala ya majina nimeweka mtaa tu.

Mwalimu, habari za siku. Niko mwaka wa tatu. Lekchara ametupa asaimenti, programu mbili za Java ziongee kwa RMI, moja seva ya kutoa huduma, moja klayenti ya kuomba, benki ndogo ya kuweka na kutoa pesa. Sasa mabeshte wananicheka ati RMI ilikufa kitambo, watu wote wako REST na gRPC, zile njia za sasa za programu kuongea kwa netiweki. Kwani napoteza semista? – Wa Juja

Hupotezi kitu, waache wacheke. RMI ni ya zamani kweli, iliingia na Java 1.1 mwaka 1997 wakati Java ilikuwa bado ya Sun Microsystems, na vipande vyake kadhaa vimeshatolewa: rmic, ile zana ya kutengeneza stabu (nitaieleza chini), iliondolewa kwa Java 15 mwaka 2020 na ile sehemu ya Activation ikaenda kwa Java 17 mwaka uliofuata. Lakini kiini chake bado kiko ndani ya JDK, lile furushi la kuandikia programu za Java, unayoshusha leo, na wale wanaochungulia seva za Java kwa mbali kupitia JMX, njia yao ya kawaida inapita juu ya RMI, wengi wao hata hawajui. Mimi singejenga mfumo mpya wa kampuni juu yake, hilo nakubaliana na mabeshte zako. Kujifunzia ni habari ingine, manake utaona mambo yote wazi kwa faili nne tu bila kuinstoo kitu kingine chochote.

Na hao wa gRPC wajue wazo ni lile lile. Andrew Birrell na Bruce Nelson walieleza kwa makala ya 1984, wakiwa Xerox, namna ya kufanya mwito wa mbali ufanane na mwito wa kawaida, na ile stabu waliyoieleza hapo, kile kipande kinachokaa kwa klayenti kwa niaba ya upande wa mbali, utaikuta kwa RMI na utaikuta tena kwa gRPC ambayo Google waliitoa 2015. Kinachobadilika ni namna data inavyofungwa na kile kinachoibeba njiani.

Sasa hebu fuata mwito mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Una intafesi, yaani orodha ya methodi, inaitwa Benki, imerithi `java.rmi.Remote`, na ndani kuna mstari kama `long salio(String akaunti) throws RemoteException`. Klayenti anaenda kwa rejistri, ile daftari ya majina ya objekti za mbali, ambayo ukiiacha ilivyo inasikiza poti 1099 (poti ni namba ya mlango wa netiweki), anaulizia kitu kinaitwa "benki", anapewa stabu. Hio stabu si benki, haina pesa wala akaunti yoyote, ni objekti ndogo inayojua anwani na poti ya benki ya kweli. Ukiandika `benki.salio("A17")` stabu inachukua alama ya hio methodi pamoja na hio "A17", inazigeuza baiti, inazituma kwa TCP, ile njia ya netiweki inayohakikisha baiti zimefika, alafu thredi yako, yaani mkondo wa kazi wa programu, inakaa hapo ikingoja. Huko kwa seva thredi ingine inasoma zile baiti, inarudisha "A17" ilivyokuwa, inaita methodi ya kweli, inapata 3500, inaifunga tena na kuirudisha. Stabu inafungua, na wewe unaona 3500 kama vile imetoka tu kwa mstari wa juu wa programu yako.

Hapo kwa "kama vile" ndipo shida zote zinakaa. Jim Waldo, Ann Wollrath na wenzao wawili pale Sun waliandika 1994 kwamba objekti ya mbali isichukuliwe kama ya karibu, kwa sababu ya muda wa kungoja, kumbukumbu ambayo pande mbili hazishiriki, mambo kufanyika kwa wakati mmoja, na ile kubwa kuliko zote, upande mmoja kufa na mwingine ukabaki hai bila kujua. Waldo na Wollrath ndio walikuwa kati ya waliobuni RMI yenyewe, na ndio maana kila methodi ya mbali inakulazimisha utangaze RemoteException, yaani taarifa kwamba mwito wa mbali umeshindikana. Hawakusahau kuificha, walikataa. Sasa mwanafunzi anaiwekea try, alafu catch tupu, compaila inanyamaza na yeye anaona amemaliza. Usifanye hivyo hata kama deadline ni kesho asubuhi.

Kuhusu muda piga hesabu mwenyewe. Mwanga ndani ya kebo ya faiba unaenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480, kwa hivyo kwenda na kurudi haiwezi kushuka chini ya milisekunde 5 hivi hata mitambo yote ya katikati ikiwa haichukui muda wowote, na hizo milisekunde 5 prosesa ya gigahezi 3 imeshapiga mizunguko milioni 15. Sasa ukiweka lupu inayoita `salio()` kwa wanachama 1,000 mmoja mmoja, na seva iko Mombasa, umeketi sekunde 5 ukiangalia skrini. Tengeneza methodi moja inayorudisha orodha yote kwa mwito mmoja. Kwa laptopu moja hutaona tofauti yoyote, na hio ndio inadanganya watu hadi siku ya presentesheni.

Ushauri wangu, kabla ya kugusa RMI kaa jioni moja uandike ya mkono kwa soketi tupu, yaani muunganisho wa netiweki wa kutuma baiti tu: programu moja itume maandishi "JUMLISHA 3 4", ingine isome, igawanye maneno, irudishe 7. Utateseka na mambo ya ujumbe umeishia wapi, nini kifanyike ukikuja nusu, na ukishateseka ndio utaelewa stabu inakufanyia kazi gani.

Niaje mwalimu. Mimi na roomie tumekwama. Programu kwa laptopu moja inafanya poa sana, tukiweka seva kwa yake na klayenti kwa yangu inasema "Connection refused to host: 127.0.1.1". Lakini mimi nimeandika IP yake, sijaandika hio 127 popote! Ubuntu zote mbili, wifi ya hostel. – Wa Kahawa Wendani

Angalieni hio anwani tena. 127.0.1.1 ni mashine kujiita yenyewe. Yaani laptopu yako imejipigia simu, na kwa kuwa wewe huna seva hapo ikakataliwa. Swali ni nani ameipa hio anwani, na jibu ni seva ya roomie wako.

Iko hivi. Ulipofanya lookup ulifika kwa rejistri yake bila shida, ile IP uliyoandika ilitumika hapo na kazi yake ikaisha. Rejistri ikakupa stabu, na ndani ya stabu kuna anwani ya objekti, na hio anwani iliandikwa na seva ilipokuwa inawaka. Seva iliuliza Ubuntu "mimi naitwa nani, na anwani yangu ni gani", Ubuntu ikaangalia faili ya `/etc/hosts`, ambapo kuna mstari unaofunga jina la mashine na 127.0.1.1, ikajibu hivyo. Basi hio ndio ikawekwa kwa stabu na kutumwa kwako.

Kwa laptopu ya seva andikeni `hostname -I`, mtaona kitu kama 192.168.43.17, alafu washeni seva kwa `java -Djava.rmi.server.hostname=192.168.43.17 SevaBenki`. Hio ni ya seva, si ya klayenti, watu wengi huiweka upande ule mwingine na kulaumu Java usiku kucha.

Ikikubali hapo mtagongana na ingine: faiawoli, ile inayozuia miunganisho kuingia. Mtafungua 1099 na bado itakataa, kwa sababu 1099 ni ya rejistri peke yake, objekti yenyewe inajichukulia poti yoyote iliyo wazi na kila mkiwasha inabadilika. Ipe ya kudumu, kwa konstrakta ya objekti yako weka `super(1100)`, alafu fungua 1099 na 1100.

Na hio wifi ya hostel sina imani nayo. Nyingi za vyuo na hosteli zimesetiwa vifaa visionane, kila mtu anaona intaneti lakini haoni jirani. Jaribuni ping kwanza, ikikataa washeni hotspoti ya simu muunganishe laptopu zote mbili. Haitakula bando manake data haitoki nje, inazunguka hapo hapo kati yenu, kwa simu nyingi unaweza hata kuzima data kabisa.

Mwalimu shikamoo. Natengenezea chama chetu programu ya michango, seva iko kwa nyumba ya mweka hazina, sisi tunaingiza kutoka kwa laptopu zetu. Juzi stima ilipotea katikati, nikapata eksepsheni, iliporudi nikaingiza mchango tena, sasa mama mmoja ameandikiwa 400 na alitoa 200. Yeye amefurahi lakini hesabu haiingii. Nitajuaje mwito ulifika au haukufika? – Wa Umoja

Marahaba. Hii ndio barua imenifanya nichukue ukurasa mzima, manake umeuliza swali ambalo kozi nyingi huliacha wiki ya mwisho na lilipaswa kuwa la kwanza.

Hutajua. Umemtuma mtoto dukani na 200 akuletee unga, nusu saa imepita hajarudi. Labda hakufika, ameshikwa na mpira njiani. Labda amefika, ametoa pesa, na duka likafungwa kabla apewe unga. Labda ameshanunua na yuko njiani anarudi. Wewe ukiwa kwa mlango zote tatu zinafanana, na ukimtuma mwingine na 200 ingine unaweza kuishia na pakiti mbili. Klayenti yako iko hapo hapo kwa mlango: ombi halikufika, au lilifika seva ikafa katikati, au kazi ilifanyika ikaisha na jibu ndio likapotea.

Eksepsheni zenyewe zinakusaidia kiasi, kwa hivyo usizikusanye zote kwa catch moja. Ukipata `java.rmi.ConnectException` upande wa pili umekataa kuunganishwa, mwito haukufanyika, rudia bila wasiwasi. Ukipata `UnmarshalException` wakati unangoja jibu, hapo kuwa mwangalifu sana, kuna uwezekano mkubwa kazi ilishafanyika. `MarshalException` iko katikati, maelezo ya Java yenyewe yanasema mwito unaweza kuwa ulifika au haukufika.

Jionee mwenyewe, usiniamini tu. Kwa methodi ya `weka` ongeza `Thread.sleep(30000)` baada ya salio kuandikwa kwa databesi na kabla ya `return`. Ita kutoka kwa klayenti, alafu ndani ya zile sekunde 30 nenda kwa seva ubonyeze Ctrl na C. Klayenti itakuletea UnmarshalException na chini yake EOFException, yaani mstari ulikatika kabla ya jibu. Fungua databesi: 200 iko hapo imekaa. Sasa rudia jaribio lakini badala ya kuua seva zima wifi ya klayenti, utashangaa, inaweza kukaa tu inangoja, haisemi kitu, kwa sababu RMI ukiiacha ilivyo haina taimauti ya kungoja jibu. Kuna `sun.rmi.transport.tcp.responseTimeout`, inapewa milisekunde, na ukiiacha iko sifuri maana yake ngoja milele. Iwekee 10000 upande wa klayenti.

Lakini taimauti haijibu swali lako, inakuambia tu umechoka kungoja. Dawa yenyewe ni kila ombi liwe na namba yake, na hio namba itengenezwe na klayenti kabla ya kujaribu mara ya kwanza, `UUID.randomUUID()`, inayotoa namba isiyojirudia, inatosha. Methodi iwe `weka(namba, akaunti, kiasi)`. Seva ina jedwali la namba zilizokwisha kushughulikiwa pamoja na jibu zilizopewa. Ombi likifika inaangalia kwanza, kama namba iko inarudisha jibu la zamani bila kugusa pesa, kama haiko inafanya kazi na kuandika namba. Na hapa ndipo wengi wanateleza, kuandika namba na kubadilisha salio lazima viwe ndani ya transaksheni moja ya databesi, viingie vyote au visiingie vyote. Ukiandika salio, alafu ukaandika namba kando, stima itapotea katikati ya hizo mbili, naijua stima ya Umoja.

Kuna msomaji mwingine alipendekeza kutumia msimbo wa M-Pesa kama hio namba. Kwa mchango uliolipwa tayari kwa simu ni wazo zuri, kila muamala una wake na mtu akiuingiza mara mbili utaugundua. Ila elewa tofauti, ule msimbo unatoka kwa seva baada ya kazi kufanyika, kwa hivyo hausaidii kulinda lile ombi lenyewe la kutuma. Kwa pesa taslimu inayoletwa kwa mkutano hakuna msimbo wowote, hapo namba ya klayenti ndio kila kitu.

Na klayenti iiandike hio namba kwa faili kabla ya kutuma. La sivyo laptopu ikizima umesahau namba, unatengeneza mpya, na umerudi kwa mama wa 400. Huyo kwanza mwambieni mapema kabla hajazipangia.

Natuma ArrayList kwa seva, seva inaongeza majina, kwangu haionyeshi kitu. Nimetumia List ile ile! – Wa Kasarani

Si ile ile. Kitu cha kawaida kikivuka netiweki kinakopiwa, seva ilipata nakala yake ikaongeza majina kwa nakala, yako ikabaki ilivyokuwa. Irudishe kwa `return` uipokee upya. Kinachovuka bila kukopiwa ni objekti ya mbali yenyewe, ile ilifanyiwa export, yaani kuwekwa wazi iitwe kutoka mbali, hio inaenda kama stabu na wakiita methodi zake mwito unarudi kwako. Na klasi zako mwenyewe ziwekee `implements Serializable`, ruhusa ya kugeuzwa baiti, pamoja na `serialVersionUID`, namba ya toleo la klasi, kwa sababu siku utaongeza fildi moja kwa seva na usahau kwa klayenti utaona InvalidClassException.

Tulitest na darasa zima, watu kama 30 wakiweka shilingi 10 mara mia kila mmoja. Jumla ilikuja chini ya ile tulitarajia, na kila tukirudia ni namba tofauti. Netiweki inapoteza? – Wa Roysambu

Netiweki haijapoteza, TCP ingekuambia. RMI inaendesha miito ya klayenti tofauti kwa thredi tofauti, zikiwa zote ndani ya objekti moja, na `salio = salio + kiasi` ni hatua tatu, soma, jumlisha, andika. Wawili wakisoma 500 pamoja wote wanaandika 510. Weka `synchronized` kwa methodi ujaribu tena, itaingia sawa. Data ikihamia databesi waachie transaksheni hio kazi. Nimependa lakini kwamba mlitest watu wote pamoja, wengi hutest wakiwa peke yao wanaandika kwa ripoti "mfumo unafanya kazi".

Mwalimu, notsi tulizopewa zinasema niranni rmic alafu niweke SecurityManager. Java yangu inasema haijui rmic. – Wa Rongai

Notsi ni za zamani. Tangu Java 5 ya mwaka 2004 stabu inatengenezwa yenyewe programu ikiwa inakimbia, na rmic nimesema huko juu imeshaondolewa. Kwa Java 17 ilitangazwa kwamba SecurityManager, ile ya kuzuia programu kufanya mambo isiyoruhusiwa, itaondolewa. Ruka hizo kurasa mbili, zile zingine zinazoeleza intafesi, rejistri na eksepsheni bado ni sawa kabisa. Kama seva yako inakuletea "no such object in table" baada ya muda, angalia kama umeshikilia objekti yako kwa variabo ya static, ukiiacha ielee tu, rejistri nayo ikiwa haina, takataka inazolewa na yenyewe inaenda nayo.

Habari yako. Mimi si mtu wa kompyuta, nina maduka mawili ya nguo, moja Gikomba moja Rongai. Kijana wa jirani anataka kunitengenezea mfumo wa stoki uunganishe maduka yote mawili, anasema atatumia RMI kupitia intaneti. Nimsikize? – Mama wa Gikomba

Nzuri sana mama. Kijana umsikize, hio RMI ndio umkatalie.

Nitakueleza kwa ufupi ili umwambie. Kwanza, duka la Rongai likitumia intaneti ya simu au hii ya mtaani, mara nyingi halina anwani yake inayoweza kufikiwa kutoka nje, linashiriki na watu wengi, na RMI inataka upande wa seva ufikike wazi. Pili, usalama. Ile njia ya Java ya kugeuza objekti kuwa baiti na kuzirudisha imekuwa shida kubwa kwa miaka mingi, mtu mbaya anaweza kutuma baiti alizozipanga vizuri na seva ikafanya mambo yake wakati inazifungua, hadi Java 9 ya 2017 ikabidi waweke vichujio vya kuzikagua. Ndani ya netiweki iliyofungwa unaweza kuvumilia, kwa intaneti ya wazi mimi hapana. Tatu, kesho utataka kuangalia stoki kwa simu yako, na RMI inaongea Java na Java.

Atumie HTTPS ya kawaida na JSON, seva akodi kwa kampuni ya kuhosti badala ya kuiweka chini ya meza Gikomba. Kama anataka kuita methodi kwa sababu amezoea hivyo, gRPC iko, inafanya kazi na lugha nyingi. Tena mwambie asome jibu la mtu wa Umoja hapo juu lote, manake mfumo wake utakutana na hio shida wiki ya kwanza: umeuza sweta, intaneti imepotea, umebonyeza tena. Kila duka liandike mauzo kwa kompyuta yake kwanza, kila uzo na namba yake, alafu litume mtandao ukirudi. Umuulize swali moja kabla ya kumlipa depositi, kwamba intaneti ikikatika saa nne asubuhi Jumamosi mteja amesimama hapo, risiti itatoka? Kama inangoja seva ijibu ndio itoke, arudi akachore upya.

Sina laptopu mbili. Naweza kujifunza hizi vitu kwa moja? – Wa Githurai

Unaweza. Fungua terminali mbili, seva kwa moja klayenti kwa ingine, ni programu mbili tofauti hata kama ziko kwa mashine moja. Kitu utakosa ni netiweki mbaya, na hio Linux inakupa bure. Andika `sudo tc qdisc add dev lo root netem delay 100ms` na kila pakiti ndani ya mashine yako itacheleweshwa milisekunde 100, kwenda na kurudi ni 200, alafu ranni ile lupu ya miito 1,000 uone itachukua zaidi ya dakika tatu. Badilisha `add` iwe `change`, na mwishoni pale kwa `delay 100ms` weka `loss 10%`, uone TCP ikihangaika kurudia. Ukimaliza `sudo tc qdisc del dev lo root`, usisahau hii, manake vitu vingi kwa Linux hupita hapo kwa `lo` na kesho utafungua databesi yako uanze kufikiri laptopu imeharibika.